Habari Mbaya Baada ya Mbio

Chuoni, 6 Februari 1988

Dada,

Mkuu wa michezo alitangaza wiki iliyopita, mbele ya wanafunzi waliokuwa wamepangwa juani, kwamba kikosi cha wasichana cha mbio za kupokezana vijiti kitafundishwa na mimi hadi mashindano ya vyuo mwezi wa Mei. Nimetanguliza habari kwa sababu nakujua, ungeruka salamu uitafute.

Sasa salamu. Hujambo wewe na cherehani yako? Baba je? Ule mguu umepata nguvu tangu kiharusi cha Desemba, au bado anauburuta na kusema ni viatu? Mimi mzima. Chumba nilichopewa kiko nyuma ya stoo ya vifaa, nalala nikinusa mipira na dawa ya misuli.

Jambo lenyewe ni hili. Atakayenipima ni kocha mkuu, na asipotia sahihi mwishoni mwa Juni, cheti cha ukocha sipati. Nina wasichana watano, wanne wa kukimbia na mmoja wa akiba. Siku ya kwanza niliwasomea maelekezo kutoka kwenye karatasi, upepo ukachukua ukurasa wa pili. Mmoja akauliza kwa adabu kabisa kama mazoezi yameahirishwa hadi karatasi irudi. Tangu hapo naitwa Kocha Karatasi, hata na wapishi.

Muulize Baba nahodha anachaguliwaje. Mimi ningemchukua mwenye kasi kuliko wote, lakini najua atakuwa na neno. Aniandikie mwenyewe chini ya barua yako, hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 20 Februari 1988

Kocha Karatasi,

Salamu zimefika na jina limefika. Baba alicheka mpaka nikamshika mabega. Sisi hatujambo. Shule imeniletea oda ya sare, sketi za kijivu tupu, hata ndotoni naziona. Bati la jikoni lilivuja, jirani yetu seremala akalipiga misumari na kukataa malipo, akasema Baba alimfundisha kuruka viunzi bure.

Mguu ni uleule. Kitanda chake nimekihamishia chumba cha mbele asipande ngazi. Amenuna siku mbili kisha akasema ni wazo lake. Daktari ametuonya kwamba kiharusi cha pili hakitakuwa na huruma kama cha kwanza, kwa hiyo asikasirike wala asichoke. Mwambie wewe, mimi hanisikii.

Chini hapa ni mwandiko wake. Alikataa nimshikie karatasi.

Dada yako

Kitindamimba. Mwenye kasi mwache akimbie, inamtosha. Nahodha ni yule ambaye wenzake humtazama basi likichelewa. Na usimsemeshe mkimbiaji aliyeinama. Ngoja anyooke. Baba.

*

Chuoni, 12 Machi 1988

Dada,

Natumaini mmeamka salama na sketi zimekwisha. Huku baridi ya asubuhi imepungua, na nimepata godoro jingine, lile la kwanza nadhani lilitolewa jumba la makumbusho.

Mwambie Baba basi lilichelewa. Tulikuwa tunakwenda mchujo wa kwanza, dereva haonekani, wasichana wamekaa juu ya mabegi. Niliwaangalia. Wote, hata yule mwenye kasi, walikuwa wanamtazama mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, ambaye mimi nilikuwa nimemweka mzunguko wa tatu kwa sababu mzunguko wa tatu haupigiwi makofi. Hakusema kitu cha maana. Aliinuka, akaenda kununua maji, akarudi. Wakatulia. Ndiye nahodha.

Hilo la pili nilijifunza kwa kuumia. Yule mwenye kasi alimaliza raundi, akainama mikono magotini, nami nikamwanzia palepale kwamba kona ya pili ameilalia. Akalia mbele ya wenzake. Nahodha alinifuata baadaye nyuma ya stoo, akaniambia, "Kocha, akiwa chini anasikia sauti tu, hasikii maneno. Ngoja asimame." Karibu nimuulize kama anamjua Baba.

Sasa nasimama kona ya pili kila siku. Ndipo watu wanapokata tamaa, na kumbe wakimwona mtu pale wanajikaza. Sisemi kitu. Kocha mkuu ananiona kutoka jukwaani na kuandika. Anaandika nini sijui.

Mwandiko wa Baba umelala sana upande mmoja. Alikuwa ameandikia kitandani?

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mvua zimeanza, bati la seremala limeshika. Sketi nimekabidhi, zimerudishwa sita kwa sababu mwalimu mkuu anasema ni fupi. Nimemwambia watoto ndio wamerefuka.

Nimehamishia cherehani chumba cha mbele, kwa hiyo dukani siendi tena kila siku. Seremala anapita asubuhi na jioni kunisaidia kumwinua Baba. Baba anapumzika sana siku hizi. Habari ya basi nimemsomea. Mstari wake haumo safari hii kwa sababu mkono umechoka.

Usianze kuhesabu nauli. Nakujua. Endelea na wasichana wako.

Dada yako

*

Chuoni, 16 Aprili 1988

Dada,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba, na kwa seremala. Sisi wazima, tumevuka mchujo wa pili, tuko fainali ya tarehe 21 Mei. Yule mwenye kasi alinirukia shingoni mbele ya waamuzi, nikabaki nimeshika saa ya kupimia juu kama mtu anayetegemea kupigwa picha.

Nauliza kitu kimoja, nijibu kweli. Seremala anamwinua Baba kila siku kwa nini? Mkono uliochoka ni upi, wa upande uleule wa mguu? Kama ni kuja, nitaomba ruhusa nije. Kocha mkuu hatapenda, lakini nitaomba.

La pili ni la Baba. Mama yake nahodha ni mgonjwa, hali yake si nzuri, na kwao ni safari ya usiku kucha. Kocha mkuu ameniita ofisini akasema simu yoyote ikija kabla ya fainali ipitie kwake, na msichana asiambiwe hadi mbio ziishe. Baba angefanyaje? Najua anachosema siku zote, lakini muulize upya, muulize kuhusu huyu. Nitafanya atakavyosema.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 30 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Hongera ya fainali. Nyumbani salama. Seremala anakusalimu, anasema saa ukiishika juu hivyo inaonyesha kwapa, si muda.

Baba ni mzee na ni mgonjwa, wazee huinuliwa. Usije. Mashindano yako yakiisha njoo ukae mwezi mzima, nami nipate wa kutumwa sokoni.

Barua yako nimemsomea yote. Jibu lake ni lilelile tulilokulia. Mwanariadha haambiwi habari mbaya kabla ya mbio. Habari itamkuta palepale kesho yake, mbio hazitamngoja. Amesema msichana akimbie kwanza. Na wewe mwenyewe ni shahidi. Siku Mama alipofariki ulikuwa kwenye fainali ya shule za sekondari, Baba alijua tangu alfajiri, akakuacha ukimbie, ukashinda, ndipo akakwambia. Kikombe hadi leo kiko kabatini, nakifuta mwenyewe.

Kwa hiyo una jibu. Lala usingizi.

Dada yako

*

Nyumbani, 22 Mei 1988

Mdogo wangu,

Baba amefariki. Daktari wa zamu alithibitisha Ijumaa tarehe 6 Mei asubuhi, akasema ni kiharusi cha tatu. Tulimzika kesho yake mchana. Nimekaa na habari hii hadi leo kwa sababu fainali yako ilikuwa jana.

Nitakueleza yote sasa, ili usilazimike kuniuliza kidogokidogo.

Kiharusi cha pili kilimpata mwisho wa Machi. Kilichukua mkono wa kulia, na kutoka hapo maneno yalianza kumpotea. Kufikia katikati ya Aprili alikuwa hasemi kabisa. Akisikia, akinitazama, lakini hasemi. Barua yako ya Aprili, ya nahodha na mama yake, nilimsomea kweli. Jibu niliandika mimi. Sikuona kama ni uongo. Nimemsikia akisema maneno hayo maisha yangu yote, nilijua angesema hivyo.

Alikufa amelala. Nilikuwa kwenye cherehani, mgongo umemwelekea. Niligeuka kumpa dawa.

Mazishini walikuja wakimbiaji wake wa zamani, wengine sasa wana vitambi na vitambaa vya jasho. Waliulizana kitindamimba wa marehemu yuko wapi. Nikasema yuko kambini na timu yake. Mzee mmoja wao akasema, "Ndivyo mwalimu angetaka," na wengine wakaitikia. Nilitulia kusikia hivyo.

Natumaini jana mlishinda. Sasa njoo.

Dada yako

*

Chuoni, 23 Mei 1988

Dada, na Baba, maana najua utamsomea,

Hamjambo? Mimi mzima wa mwili. Tumekuwa wa mwisho.

Msomee taratibu hii, na ukifika mahali akakunja uso, endelea tu.

Simu ilikuja Ijumaa alasiri, mkesha wa fainali. Mama yake nahodha alifariki asubuhi ile, na kwao walikuwa wanamngoja hadi Jumamosi jioni ndipo wazike. Basi la usiku lilikuwepo, linaondoka saa mbili. Kocha mkuu alinifungia mlango wa ofisi. Alisema hata wazazi wa msichana mwenyewe wangejivunia kikombe. Halafu akasema, "Ukimwambia, usije kwangu mwezi ujao kutafuta sahihi." Hakupandisha sauti. Nilimwambia baba yangu naye ana msimamo huohuo na ameniandikia. Akasema basi baba yako ni kocha.

Nilitoka hapo nimekusudia kunyamaza. Barua yako ilikuwa mfukoni.

Nahodha alikuwa uwanjani, ameinama anafunga kamba za viatu. Nilisimama nikangoja amalize. Wenzake walikuwa wananitania kwa mbali, Kocha leo karatasi ziko wapi. Yeye akanyooka, akaniangalia, nami nikamwambia. Sikulainisha maneno, nilisema mama yako amefariki leo asubuhi.

Aliwatazama wenzake kule mbali. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema mimi, na kocha mkuu, na karani wa simu.

"Hawa wenzangu?"

Nikasema hapana, wewe ndiye wa kwanza.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa haki yake. Akaomba begi. Nilimsindikiza stendi, nikangoja hadi basi likatoka. Njiani alinieleza jinsi ya kumpanga yule wa akiba, kwamba asipewe kijiti mkono wa kushoto, anababaika. Sikumwomba, alieleza tu.

Wa akiba alijitahidi. Alipokea vizuri, akaishiwa kona ya pili. Nilikuwa pale, nimesimama, haikusaidia. Kocha mkuu hajanisemesha tangu Ijumaa.

Baba, nimevunja sheria yako nikiwa na barua yako mfukoni. Sikuivunja kwa dharau. Kuna jambo sijawahi kukueleza, la siku ile ya Mama, na halifai kwenye karatasi. Nitakuja baada ya tathmini nikueleze nikiwa nimekaa mbele yako. Ukinuna kwa sasa, nuna tu.

Dada, mguse mkono ule mzima kwa niaba yangu.

Mdogo wako

*

Chuoni, 2 Juni 1988

Dada,

Barua yako nimeipata Jumanne. Zilipishana njiani, yangu na yako. Sijui nikusalimu vipi.

Nililotaka kumwambia Baba nitakwambia wewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki.

Siku ile ya Mama nilipokuwa napasha misuli joto, mwalimu wa jiografia alinishika bega akaondoka bila kusema neno. Yule mama wa kuuza maji alinipa chupa akakataa senti zangu. Nilipoingia kona ya mwisho jukwaa zima lilisimama. Nilidhani wananishangilia kwa mbio. Dada, walikuwa wanajua. Uwanja mzima ulijua mama yangu amekufa isipokuwa mimi. Niliinua mikono juu nikaruka-ruka mbele yao. Kicheko changu cha siku ile nakisikia mpaka leo. Kile kikombe unachokifuta sijawahi kukishika tangu nilipokileta nyumbani, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Umenirudisha uwanja uleule. Wiki mbili nzima nilikuwa napanga viatu vya wasichana na kucheka na wapishi, na wakimbiaji wake wa zamani wote walikuwa wameshatupa udongo. Hata seremala. Alinitania kuhusu kwapa. Au na utani huo uliutunga wewe?

Usinieleze kwamba mkono wa kulia, kwamba daktari. Nijibu mambo mawili tu. Nani alisimama mahali pangu kaburini? Na kabla maneno hayajamwisha, aliniulizia?

Tathmini ni tarehe 25. Siwezi kuondoka kabla, na sasa sina haja ya kukimbilia.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 11 Juni 1988

Mdogo wangu,

Utani ulikuwa wa seremala. Alinisema sana kwamba nikuite, akaniambia tangu mwanzo wa Aprili, tukakosana, kisha akarudi kwa sababu peke yangu nisingeweza kumwinua Baba. Usimhesabu kwenye hili.

Mahali pako alisimama yeye. Wakubwa walitaka mmoja wa wakimbiaji wa zamani, mimi nikasema huyu ndiye aliyembeba akiwa hai.

La pili. Ndiyo, alikuulizia.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne baada ya kiharusi cha pili. Maneno yalikuwa bado yanatoka, moja moja, kwa kazi. Nilikuwa namfuta uso. Akasema, "Mwite." Nikamwambia Baba, mtoto yuko kwenye mchujo, ana fainali mwezi wa Mei. Akanitazama. Nikamwambia, wewe si ndiye uliyetufundisha, mbio kwanza. Akaendelea kunitazama kwa muda, halafu akafumba macho.

Nilichukulia kwamba amekubali.

Nimeiangalia siku ile kila upande. Pengine alikubali. Pengine alichoka kubishana nami na sauti ilikuwa inamwisha. Hakulisema tena neno hilo, wala mengine mengi. Ulipouliza mwezi wa Aprili kama uje, neno lake nilikuwa nalo, na nikakuandikia usije. Sitakwambia nilikuwa na sababu nyingine. Nilidhani nalinda kitu chake.

Barua yako ya tarehe 23 ilifika siku mbili baada ya kufanya usafi wa chumba cha mbele. Uliandika nimsomee. Niliisoma kwa sauti yote, kitanda kikiwa kimeshatolewa. Seremala alinikuta, akasubiri mlangoni nimalize.

Siku ile ya Mama na mimi nilikuwa jukwaani. Nilisimama na wengine, nikashangilia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nilifikiri tunakusaidia.

Kikombe nimekitoa kabatini. Sijakitupa. Niambie unataka kifanyweje, au usiniambie.

Kama utakuja, niandikie siku. Nitakuja kukupokea stendi. Kama hutaki nikupokee, andika hivyo pia, ila andika.

Dada yako

*

Chuoni, 26 Juni 1988

Dada,

Kocha mkuu hakutia sahihi. Alitamka jana mbele ya mkuu wa michezo kwamba nafundisha vizuri ila siaminiki siku ya mashindano, nirudie msimu mwingine. Wasichana walikwenda ofisini kwake bila kuniambia, wakatoka bila kusema walijibiwa nini. Nitarudia.

Nahodha amerudi chuoni. Alifika kwao Jumamosi asubuhi, akamwosha mama yake yeye mwenyewe na wadogo zake, jioni wakazika. Alinieleza hayo tukikusanya viunzi, kisha akauliza baba yangu anaendeleaje, kwa kuwa alijua ni mgonjwa. Nikamwambia. Akauliza nilifika kwa wakati. Nikasema hapana. Akashika upande mwingine wa kiunzi tukakiingiza stoo.

Kikombe mpe seremala kama atakitaka.

Neno moja ulilolisikia, "Mwite", nimekuwa nalo tangu barua yako ifike. Sijui nikushukuru kwa kuniambia au nifanye nini nawe. Kwa sasa siwezi kulala katika nyumba ile, huwezi kuingia bila kupita chumba cha mbele.

Nitafika Jumamosi tarehe 2 Julai kwa basi la mchana. Usije stendi. Nimemwandikia seremala, atanipeleka kaburini, na usiku nitalala kwake. Jumapili saa tatu asubuhi nitapiga hodi kwako.

Mdogo wako